Delmar Eubanks, Mkamata Mbwa Asiyekamata

Delmar Eubanks alikuwa na masikio makubwa, shingo ndefu, na kikoromeo kilichopanda na kushuka kila alipomeza mate. Mtu mwingine angeishi na hayo bila taabu. Balaa lake ni kwamba alikulia miaka ile ambayo Alhamisi jioni kila nyumba ya Pruittsburg ilijipanga mbele ya runinga kumtazama Afisa Hollis Crump, mkamata mbwa, na Crump alikuwa na masikio hayohayo, shingo hiyohiyo na kikoromeo hichohicho.

Kwa asiyeuwahi mchezo ule: Crump alikuwa mtumishi wa mji mdogo, amepewa sare, kofia yenye beji ya shaba na wavu wa mpini mrefu, akaambiwa aondoe mbwa mitaani. Wavu ulikuwa na tundu chini. Mbwa waliingilia juu wakatokea chini. Crump alilijua tundu hilo na hakulishona hata siku moja. "Simama kwa jina la sheria!" alikuwa akimfokea mbwa, halafu, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani, "Tafadhali." Mbwa hakusimama. Basi, mchezo wenyewe ndio huo. Watu walicheka miaka na miaka, na ulipokwisha ukarudiwa kila alasiri hadi watoto wa watoto wakaukariri.

Shuleni Delmar hakuwa na jina lingine. "Crump! Mbwa wako yuko wapi?" "Crump, kimbia na wavu, dada yako katoroka!" Alipigana mara kadhaa, akapigwa zaidi, mwisho akajifunza kukaa nyuma ya watu wakati wa kupiga picha. Alipokua aliajiriwa idara ya barabara ya kaunti, akawa mpaka rangi wa mistari ya njano. Alidhani huko nje, katikati ya mashamba ya mahindi, atapata amani. Hakuipata. Madereva walipunguza mwendo, wakateremsha vioo: "Crump! Wamekuhamishia barabarani sasa?"

Nedra, aliyekuja kuwa mkewe, alikuwa mpishi wa shule. Anasimulia kwamba siku ya kwanza Delmar alipokuja kwao kula chakula cha Jumapili, baba yake alifungua mlango, akamwona, akacheka mpaka akashika fremu ya mlango asianguke. Delmar aligeuka akaelekea kwenye pikapu yake. Nedra akamkimbilia bila viatu.

"We Delmar, unakwenda wapi? Baba anamcheka mtu wa kwenye runinga, hakucheki wewe."

"Uso ni wangu, Nedra."

"Ndiyo, na uso huo ndio niliouita mimi uje ule. Rudi ndani, kuku anapoa."

Alirudi akala. Lakini hakumsamehe Crump.

Sasa, Julai Nne, siku ya uhuru wa Marekani, kwetu ina gwaride, na gwaride lina farasi, na farasi wana mavi. Kuzoa mavi ni kazi ya idara ya barabara, na kwa kuwa Delmar hakuwa mtu wa kubisha, kazi hiyo ilimwangukia yeye kila mwaka: koleo, pipa la magurudumu, na umati wa watu pande zote mbili za barabara wakimtazama. Alikuwa anapita ameinamisha kichwa, kofia imefika kwenye nyusi.

Mwaka mmoja, alipofika mbele ya benki, mbwa wa njano asiye na mwenyewe alichomoka chini ya meza ya limonadi akang'ata upindo wa suruali yake. Delmar akavuta mguu. Mbwa akavuta upande wake. Watu wakaanza kucheka, na mtu mmoja aliyekaa kwenye kiti cha kukunja akapaza sauti: "Mkamate, Crump!"

Delmar alinieleza jambo hili mara moja tu, tukiwa kwenye kibaraza chake, akimenya mahindi. Alisema hasira ilimjia kama kawaida, ikafika hapa, akagusa koo, halafu ikashindwa kwenda mbele. "Nilimwangalia yule mbwa," alisema, "nikaona yeye peke yake ndiye hakuwa akinicheka. Alitaka suruali tu."

Basi akanyoosha mgongo. Akamnyooshea mbwa koleo, shingo ndefu juu kabisa, kikoromeo kikapanda, akasema kwa sauti ambayo kila mtu pale aliifahamu tangu utotoni: "Simama kwa jina la sheria!" Mbwa akaachia suruali kwa mshangao. Delmar akamwinamia kidogo: "Tafadhali." Mbwa akaing'ata tena.

Kicheko kilichotoka hapo, walioketi kanisani kwa Wamethodisti, mitaa miwili kutoka pale, walikisikia. Wanaume waliinuka vitini. Bibi kizee mmoja alikuwa anajipigapiga mapaja kwa mikono miwili. Delmar alikwenda na mbwa wake mguuni hadi mwisho wa gwaride, mavi hayakuzolewa hata kidogo, na msimamizi wake hakumkaripia kwa sababu alikuwa anafuta machozi.

Nyumbani Nedra alimkuta amekaa jikoni na suruali iliyochanika.

"Umeaibika?" akamwuliza.

"Hapana," Delmar akasema, na mwenyewe akaonekana kushangaa. "Miaka yote hii walikuwa wananicheka. Leo niliwachekesha. Si kitu kimoja, Nedra."

Nedra aliitazama suruali ile. Alitoa cherehani. Alikaa alasiri nyingi mbele ya mchezo unaorudiwa, akaurekodi, akasimamisha picha, akahesabu vifungo vya koti la Crump, akashona sare ya kijivu ambayo hata mshonaji wa runinga asingeiona kasoro. Beji ilitoka kwenye kifuniko cha birika. Wavu alinunua wa kuvulia samaki, akautoboa mwenyewe kwa mkasi.

Kuanzia hapo Pruittsburg ikawa na Crump wake. Mwaka uliofuata watu wa mji jirani wa Corley nao wakamtaka kwenye sikukuu yao ya mahindi matamu, kisha miji ya kandokando ya mto, kisha magwaride ya Krismasi. Hakuchukua malipo zaidi ya mafuta ya gari na sahani ya chakula. Na alikuwa na mwiko mmoja: akishavaa kofia ile, haivui mbele ya watu. Mtoto akimwuliza jina, ni Hollis Crump. Akiulizwa anakaa wapi, anakaa nyuma ya kituo cha polisi, kama kwenye mchezo. Mara moja daktari wa meno wa Corley alimsalimia, "Habari, Delmar," mbele ya watoto, naye akageuka kumtafuta huyo Delmar nyuma yake.

Mbwa ndio walioleta jambo kubwa zaidi. Yule wa njano wa kwanza alichukuliwa na mwenye limonadi, kwa hiyo Delmar akahitaji mwingine. Akaenda kituo cha mbwa cha kaunti, kwa Roxie Teague, mwanamke mfupi mwenye sauti ya tarumbeta, ambaye kazi yake ilikuwa kulisha mbwa waliotupwa na kutumaini.

"Unataka mbwa wa kuazima?" Roxie akasema. "Hapa si maktaba, baba."

"Nitamrudisha."

"Hicho ndicho kinachoniudhi. Nyie wote mnarudisha."

Hata hivyo alimpa jike mweusi mwenye miguu mifupi aliyekaa kituoni majira yote ya baridi bila mtu kumtazama. Katika gwaride, jike huyo aliingia kwenye wavu, akatokea kwenye tundu, akajinyoosha kwa madaha, na familia moja iliyokaa mbele ya duka la dawa ikamfuata Delmar hadi mwisho wa njia kuuliza kama ana mwenyewe. Hakurudi kituoni.

Roxie hakuwa mjinga. Tangu siku hiyo alimpa wale ambao hakuna aliyewataka: wazee, wenye jicho moja, wenye kubweka ovyo. Mbwa akiwa nyuma ya wavu wa chuma ananuka huzuni, Roxie anasema. Akiwa barabarani anamshinda mkamata mbwa, kila mtu anamwona shujaa. Karibu kila gwaride liliisha na mtu akiomba kamba ya mbwa mkononi mwa Crump, naye Crump, kwa uso wa mtu aliyeshindwa kabisa na sheria, akimkabidhi.

Ndivyo mambo yalivyokwenda hadi mwaka wa Opal.

Opal alikuwa jike wa kuwindia, mwenye masikio marefu, mali ya mkulima mmoja mzee aliyefariki. Alikuwa hajawahi kuona zaidi ya watu wanne pamoja. Roxie alisita. "Huyu anaogopa hata ndoo ikianguka," alisema. "Lakini akibaki hapa bila mwenyewe, kaunti itamuua kabla ya vuli. Mtembeze taratibu, Delmar. Mtembeze taratibu sana."

Walimpeleka Corley, sikukuu ya mahindi. Nedra aliegesha pikapu mwisho wa njia. Gaylen Purcell, dalali wa minada, ambaye sauti yake ndiyo inayotangaza magwaride yote ya upande huu, alikuwa juu ya jukwaa mbele ya mahakama na kipaza sauti chake. Kwa mitaa mitatu Opal alitembea vizuri, ubavu wake umegusa mguu wa Delmar. Delmar alifanya mchezo wake kwa upole, wavu chini, sauti ndogo. Kisha gari la zimamoto la Corley, lililokuwa nyuma yao, likapiga king'ora kuwafurahisha watoto.

Opal aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Kamba ikamponyoka Delmar. Mbwa akapita chini ya farasi, kati ya matarumbeta ya bendi ya shule, akatokomea.

Delmar akakimbia. Na watu wakacheka.

Wangejuaje? Mkamata mbwa anamkimbilia mbwa, kofia upande, masikio yametoka, wavu unapepea. Hawakuwahi kuona Crump mzuri kiasi kile. "Jamani, nisaidieni!" alilia. "Amepita wapi? Nisaidieni!" Wakapiga makofi. Alimshika mtu bega: "Ndugu yangu, si mchezo huu, mbwa amepotea kweli!" Yule mtu akampa mkono na kumwambia yeye ni bora kuliko yule wa runinga. Juu ya hayo yote sauti ya Gaylen ikanguruma: "Mtazameni Afisa Crump, mabibi na mabwana! Leo sheria imeachwa mbali!"

Na Delmar alijua jambo moja ambalo wageni wa sikukuu hawakulifikiria. Nyuma ya maghala ya nafaka ya Corley kuna reli, na treni ya mizigo haina sikukuu.

Nilikuwa pale, nimesimama karibu na jukwaa na kikombe changu cha mahindi yenye siagi, na nakiri nilikuwa nacheka kama wengine. Nilimwona akipanda ngazi za jukwaa, anahema. Gaylen akamkaribisha kwa mbwembwe: "Afisa, una neno kwa wananchi?" Delmar akachukua kipaza sauti. Kisha akavua kofia.

Sijui kama naweza kueleza ilivyokuwa. Kichwa chake kilikuwa na upara katikati, chenye jasho, na alama nyekundu ya kofia kuzunguka paji. Ghafla alikuwa mzee mmoja tu mwenye masikio makubwa.

"Mimi naitwa Delmar Eubanks," akasema, kwa sauti yake mwenyewe, ya chini, ya watu wa kwetu. "Napaka rangi barabara za kaunti. Yule mbwa anaitwa Opal. Haujui mji huu na ameogopa sana. Reli iko kule. Nawaomba mnisaidie kumtafuta, na tafadhalini, msikimbie, msipige kelele."

Mtu mmoja bado alicheka, akajisikia peke yake, akanyamaza. Mtoto wa kike aliyekaa mabegani mwa baba yake akaanza kulia. Gaylen Purcell, ambaye sijawahi kumjua kukosa neno, alichukua kipaza sauti akanong'ona humo kama aliye kanisani: "Mmemsikia. Twendeni. Taratibu."

Gwaride likavunjika. Mwalimu wa bendi aliwaambia wanafunzi wake walaze ala zao kwenye majani na wasambae. Wenye matrekta walizima injini. Malkia wa Mahindi wa mwaka ule alishuka kwenye gari lake la maua, akafunga gauni kiunoni, akatambaa chini ya vibaraza vya mtaa wa Elm akiita "Opal, Opal," taji likiwa bado kichwani. Mji mzima wa watu ulikuwa unatembea kwa ncha za vidole. Nedra aliendesha pikapu polepole kandokando ya reli, dirisha wazi.

Dereva wa zimamoto, Curtis Boggs, jitu la mtu, alikuwa ameganda kando ya gari lake. "Ni mimi," alikuwa akimwambia kila anayepita. "Ni mimi niliyepiga king'ora." Mwishowe akaondoka kwa miguu kuelekea kwenye maghala, na ndiye aliyemwona: Opal amejibanza kwenye mfereji kati ya reli na shamba la mahindi, anatetemeka mwili mzima. Curtis hakusogea. Alivua fulana yake nyeupe akaipunga juu hadi Delmar alipoiona.

Delmar alifika, akauweka wavu chini mbali. Hakumfuata mbwa. Alilala kwenye changarawe na sare yake yote, chali, mikono wazi, akaanza kuzungumza na mawingu. Curtis anasema alizungumza habari za rangi ya njano: namna inavyokauka haraka juani na kugoma siku za unyevu. Treni ilisikika mbali, upande wa mji wa Ellery. Delmar hakubadilisha sauti. Kwanza ilitoka pua, kisha masikio. Opal alitambaa tumbo chini hadi kwenye kwapa lake, akaingiza kichwa ndani ya koti. Hapo ndipo Delmar alipomkumbatia na Curtis akawavuta wote wawili hadi kwenye mahindi, wala hawakuwa na haraka kubwa, lakini treni ilipopita walikuwa wameketi wanaitazama, na Curtis Boggs alikuwa analia waziwazi, bila fulana.

"Ana mwenyewe?" Curtis akauliza.

"Bado," Delmar akasema.

"Sitapiga tena king'ora maisha yangu yote."

"Kukiwa na moto, piga," Delmar akamwambia. "Ila kwanza umtie Opal ndani ya nyumba yako."

Hivyo ndivyo Opal alivyopata nyumba.

Lakini Delmar alirudi kwake akatundika sare kabatini, akasema imetosha. Watoto wameuona upara, alisema. Crump amekufa pale jukwaani. Nedra alibishana naye wiki nzima.

"Hawakumwona Crump akifa. Walimwona mtu akimpenda mbwa."

"Mchezo ukishavuliwa kofia umekwisha, Nedra."

"Nani kasema? Wewe? Ulishona wewe vifungo vile?"

Ilivyotokea, hakushindwa na Nedra peke yake. Alikuwa dukani anachagua viazi pale msichana mdogo asiyemfahamu alipomsimamia mbele, akamtazama kuanzia viatu hadi masikio.

"Wewe ni Crump na wewe ni Delmar," akasema.

Delmar akameza mate. "Ndiyo."

"Ulimkamata yule mbwa?"

"Hapana. Nilimwomba."

Msichana alitafakari. "Utakuja kwenye Krismasi? Mama anasema tunaweza kuchukua mmoja, kama ni mdogo."

Alikwenda kwenye Krismasi. Aliingia barabarani amevaa kofia, na umati wa Pruittsburg, badala ya kucheka, ulisimama wote kwanza na kupiga makofi, jambo lililomfadhaisha hata akakanyaga mpini wa wavu akaanguka kwelikweli. Hapo wakacheka, na mambo yakaenda vizuri.

Tangu hapo hajali tena nani amemwona bila kofia. Mwisho wa gwaride anaivua, anajifuta jasho, anaeleza habari za mbwa aliyenaye: anakula nini, anaogopa nini, analala upande gani. Watu husogea zaidi kumsikiliza kuliko walivyosogea kucheka. Vijana wengi wa sasa hawajawahi kuuona mchezo wa runinga hata mara moja. Wanadhani Hollis Crump ni mtu aliyebuniwa na Delmar Eubanks. Mara ya kwanza aliposikia hivyo alitaka kuwasahihisha, Nedra akamkanyaga mguu.

Amestaafu sasa, goti la kulia limechoka, na mitaa anayotembea imekuwa michache. Sehemu iliyobaki anakaa nyuma ya pikapu. Julai iliyopita Roxie alimpigia simu siku ya kuamkia gwaride.

"Sina mbwa," akasema.

"Huna namna gani?"

"Sina, Delmar. Wote wamechukuliwa. Nimefagia vyumba vyote, naongea na ukuta. Hata sijui nijisikieje." Sauti yake ya tarumbeta ilikuwa imepasuka kidogo. "Ila kuna mbuzi. Ameletwa asubuhi, hakuna anayejua ametoka wapi."

Delmar alifunika simu kwa kiganja akamgeukia mkewe. "Roxie anauliza kama nitamchukua mbuzi."

"Crump hakuwahi kukamata mbuzi," Nedra akasema, bila kuinua macho kwenye viazi vyake.

"Hakuwahi kukamata chochote."

"Basi mchukue."

Mbuzi yule hakuingia kwenye wavu. Aliula. Alianzia kwenye tundu akalipanua, akala nyuzi hadi karibu na mpini, huku Delmar akimsomea sheria za mji kwa uso mkavu kabisa, na barabara nzima ya Pruittsburg ikiwa hoi. Walipofika mbele ya posta tayari kulikuwa na watu watatu wakigombania kamba.